Jaa la Taka Hutazamwa Kutoka Wapi?

Hotuba kwa wakazi, wavuvi, maafisa wa mazingira na wanafunzi wa mipango miji, Mombasa

Assalaam aleikum. Wazee wetu, mama zetu, maafisa wa kaunti, vijana wa vyuo, na nyinyi ndugu zangu wavuvi mlioacha kazi zenu kuja kukaa nasi: hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi athari ya kituo cha taka inavyopimwa kwa upande wa mandhari, hasa kituo kinapojengwa pwani. Nitaanza na Kibarani, kwa sababu hakuna aliyemo humu ambaye hajawahi kupita hapo.

Kwa miongo mingi, mtu akija Mombasa kwa basi kutoka bara, au akitoka uwanja wa ndege, alipita Changamwe, akateremka kuelekea Makupa, na kabla hajakanyaga kisiwa alikutana na jaa. Moshi ulipanda, kunguru walizunguka, watu waliinama wakichagua plastiki na vyuma, na nyuma yao palikuwa na maji ya hori la Makupa na mikoko iliyovikwa mifuko. Madirisha ya basi yalifungwa. Mji wenye Ngome ya Yesu, iliyoandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, uliwapokea watu wake na wageni wake kwa picha hiyo. Kuanzia mwaka 2018 hatua zikachukuliwa: jaa likafungwa, udongo ukamwagwa juu yake, nyasi na miti ikapandwa. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, na anayeingia mjini leo anaona maji na kijani.

Mimi nafurahia kazi ile, na walioifanya nawapongeza. Lakini taka za Mombasa hazikuisha siku Kibarani ilipofungwa. Malori yaligeuza njia yakaelekea Mwakirunge, huko Kisauni. Mwakirunge haiko kando ya barabara kuu, na abiria wa basi la Nairobi haioni. Anayeiona ni mkulima wa pale, ni mama anayeanika nguo, ni mtoto anayekwenda shule, ni muokota taka ambaye hatazami kitu kingine kutwa nzima. Ukipima kwa macho ya abiria, mji umepona. Ukipima kwa macho ya mtu wa Mwakirunge, mzigo umehamishwa kutoka mbele ya mgeni ukawekwa mbele ya mwenyeji. Majibu haya mawili hayapatani, na tofauti yao haitokani na hesabu wala kompyuta. Inatokana na mahali pa kusimama.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue leo. Katika tathmini ya mandhari, uamuzi mzito kuliko yote ni wa kuchagua vituo vya kutazamia, yaani mahali ambapo mtathmini anasimama kupima kinachoonekana. Na uamuzi huo hufanywa mapema, ofisini, mara nyingi na mtu asiyeishi pale, kabla wananchi hawajaitwa kwenye kikao cha kwanza.

Kwanza tusidhani kwamba sheria yetu haijui mandhari. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za Kenya, za mwaka 2003, zina jedwali linalotaja mambo ambayo mtathmini sharti ayaangalie. Mandhari yamo humo. Jedwali linamtaka aseme ni maeneo gani mradi utayafungulia mwonekano na ni yapi utayafungia, nini kitabadilika machoni, pamoja na mimea itakayoondolewa, na kama mradi unaafikiana na mazingira yanayouzunguka. Linamtaka pia aseme kama nafasi za watu kupumzika zitaongezeka au zitapungua. Ni mistari michache tu, lakini imo kwenye sheria. Ripoti ya kituo cha taka yenye kurasa nyingi kuhusu hewa na maji, kisha aya moja inayosema mandhari yataathirika kidogo na miti itapandwa, haijatimiza mistari hiyo.

Mtathmini makini hutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna ardhi yenyewe, na kuna macho ya watu. Ardhi ina umbo lake hata pasipo mtu wa kuitazama. Pwani yetu ni tambarare ya matumbawe, mikono ya bahari iliyokata ndani, mikoko, minazi, na nyuma yake vilima kama vya Rabai. Ukiweka hapo mlima wenye bapa juu na kingo zilizonyooka, umebadili tabia ya nchi, hata kama palikuwa pori. Hiyo ni athari kwa mandhari. Athari kwa mwonekano ni ya pili: nani ataona, akiwa wapi, kwa muda gani, anafanya nini. Mradi unaweza kuwa mwepesi kwa moja na mzito kwa nyingine. Ukikata mikoko ndani ya hori ambamo watu hawapiti, ardhi imeumia sana ingawa macho machache yameona. Taa kali juu ya mlingoti bandarini hazibadili ardhi, ila kijiji cha ng'ambo kinakosa usiku wake.

Baada ya hapo mtathmini huuliza maswali mawili kwa kila kituo cha kutazamia: mtazamaji huyu ataumia kiasi gani, na badiliko lenyewe ni kubwa kiasi gani. Ukubwa wa badiliko hupimwa kwa kimo, kwa eneo, kwa miaka litakayodumu, na kama linaweza kurudishwa nyuma. Hapo wataalamu hawabishani sana. Penye shida ni kwenye swali la mtazamaji, na naomba tukae hapo kidogo.

Mwongozo unaoigwa sana duniani ni wa Uingereza, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2013. Ni kazi nzuri, nami nautumia. Unasema wakazi wa nyumbani kwao na watu waliotoka kutembea na kufurahia nchi ndio wanaoguswa zaidi na badiliko la mwonekano. Wasafiri wako katikati. Mtu aliye kazini huwekwa chini, kwa hoja kwamba akili yake iko kwenye kazi na si kwenye mandhari. Kwa karani aliyefungiwa ofisini hoja hiyo inaeleweka. Sasa ilete huku kwetu. Mtalii aliyelala ufukweni Nyali atapata alama ya juu. Mvuvi aliye kwenye mtumbwi mbele ya ufuko huohuo atapata alama ya chini, kwa sababu yuko kazini.

Ndugu zangu wavuvi wanajua jinsi hukumu hiyo ilivyo mbali na ukweli. Mvuvi anautazama ukingo wa nchi kavu kuliko mtu yeyote, na kazi yenyewe ndiyo inayomlazimisha. Akitafuta mwamba wake analinganisha alama mbili za bara: mnara wa msikiti na mnazi mrefu, au kilima na paa la nyumba. Alama zikikaa sawasawa, anajua yuko juu ya mwamba, anatia nanga. Alama moja ikifichwa na jengo jipya, amepotezewa njia aliyofundishwa na baba yake. Kwa haki, niseme pia kwamba jengo jipya lenyewe linaweza kuwa alama nzuri, na wapo watakaolipokea kwa sababu hiyo. Lakini hatuwezi kujua lipi litatokea mpaka tumuulize, na mtathmini ambaye amekwisha kumwandika chini hatamuuliza. Mwongozo ule haukatazi kupanga upya daraja hizi kulingana na mahali. Uvivu wetu wa kunakili ndio unaokataza. Nyinyi wanafunzi, mkiwa watathmini, mpandisheni mvuvi daraja, na mwandike sababu ndani ya ripoti ili atakayebisha abishane nanyi waziwazi.

Na muokota taka je? Yeye yuko ndani kabisa ya kitu kinachopimwa. Wengi humtazama kama sehemu ya picha mbaya inayotakiwa iondolewe. Mimi nasema ni mtazamaji kama wengine, na kwa saa anazokaa pale anastahili kituo chake cha kutazamia, na pia uzio unaomkinga na upepo, kivuli, mahali safi pa kulia chakula.

Sasa tuje kwenye bahari, maana pwani ina tabia ambazo mwongozo wa nchi kavu hauzitilii mkazo wa kutosha. Barani, kilima huficha kilima. Bahari haifichi kitu isipokuwa kwa mviringo wa dunia. Hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya: chukua kimo juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, umepata umbali wa upeo kwa kilomita. Aliyeketi kwenye mtumbwi macho yake yako kama mita 1 juu ya maji, kwa hiyo upeo wake uko kilomita 3 na nusu. Mlima wa taka wa mita 20 una upeo wake wa kilomita 16. Ukijumlisha, mvuvi aliye zaidi ya kilomita 19 nje bado anakiona kilele, hewa ikiwa safi. Basi ripoti inayochora duara la kilomita 2 kuzunguka kituo cha taka cha pwani na kusema huo ndio mwisho wa athari imeiacha bahari nzima nje ya hesabu.

Mnakumbuka kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa Kwasasi, Lamu. Hakikuwa kituo cha taka, ingawa kilikuja na uwanja wake wa kumwaga majivu. Bomba lake la moshi lilipangwa kufika mita 210. Ingiza 210 kwenye hesabu ile: zaidi ya kilomita 50. Mji wa Kale wa Lamu, uliomo kwenye urithi wa dunia tangu 2001, upo ndani kabisa ya duara hilo, pamoja na kila jahazi linalopita huko. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi, na kasoro kubwa iliyoiona ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nawataka mlishike jambo hilo, nitalirudia.

Pwani pia hubadilika kwa saa, na picha ya mara moja haitoshi. Hapa Mombasa maji ya bamvu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Ukuta wa kituo uliokuwa mfupi wakati wa maji kujaa, saa sita baadaye umerefuka, na chini yake pamefichuka tope na kila kilichonasa kwenye mizizi ya mikoko. Mpiga picha wa mradi hupenda maji yaliyojaa, nasi tumwombe za maji makavu. Tena pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi, mtu wa bara anaitazama bahari dhidi ya jua, na kilicho mbele yake kinasimama cheusi. Mtu wa baharini anakiona kitu kilekile kikiwaka rangi zake zote. Jioni mambo yanageuka: aliye baharini anaona umbo jeusi juu ya anga jekundu, na hapo rangi ya ukuta haimsaidii tena, umbo pekee ndilo linalosema. Mkandarasi anayeahidi kupaka jengo rangi ya buluu ili lipotee angani hajafikiria saa kumi na mbili za jioni.

Upepo nao. Kaskazi na kusi havipeperushi takataka upande mmoja. Jaa linaweza kuwa tulivu kwa kijiji fulani nusu ya mwaka, halafu upepo ukageuka na mikoko ya kijiji hicho ikavikwa karatasi. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Kenya Agosti 2017 na Tanzania bara Juni 2019, imepunguza hali hiyo, lakini hakuna anayeweza kusema imeisha. Usiku nao una watazamaji wasioandika malalamiko: watoto wa kasa wakitoka mchangani huelekea kwenye mwanga, na taa za kituo zikiwa angavu kuliko bahari huwavuta bara.

Nchi nyingine zimelifanyaje? Hong Kong wana sheria ya tathmini iliyoanza kutumika mwaka 1998, na ndani ya miongozo yake mandhari yana sura zake maalumu. Mwishoni mtathmini hawezi kujificha nyuma ya maneno laini. Anapaswa kutamka kama athari ni nzuri, inakubalika, inakubalika kwa masharti, haikubaliki, au haiwezi kuamuliwa kwa sasa. Walipopanga tanuri la kuchoma tani 3,000 za taka kwa siku, kwenye kisiwa cha kutengeneza karibu na Shek Kwu Chau, miongoni mwa watazamaji walihesabiwa watu walioko baharini. Hilo nalisifu. Lakini wakazi wa Cheung Chau, kisiwa jirani, walipinga, kesi ikaenda mahakamani, wakashindwa, na ujenzi ukaendelea. Kwa hiyo msidhani tathmini nzuri huzuia mradi. Kazi yake ni kuhakikisha aliyeamua aliamua akijua.

Singapore walichagua njia nyingine. Jaa lao la Semakau, lililoanza kazi mwaka 1999, liko nje baharini, limezungushiwa tuta la kilomita 7, na ndani yake hutiwa majivu na taka zisizochomeka, si taka mbichi. Mikoko iliyopotea kwa ujenzi ilipandwa upya kando yake. Kutoka mbali unaona kisiwa cha chini chenye kijani. Ni kazi ya fedha nyingi, na majivu yale yanatoka kwenye matanuri ambayo sisi hatuna, kwa hiyo siwaambii tuige. Nawaambia tuangalie kimo. Walichagua kupanua badala ya kurundika, na kwenye bahari tambarare uamuzi huo mmoja umefanya mengi kuliko miti yoyote.

Miti ni kweli inasaidia, na ushahidi tunao nyumbani. Kule Bamburi, mwaka 1971, kazi ya kupanda miti ilianza kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu na maji ya chumvi. Mvinje ndio uliovumilia. Leo pale ni msitu. Lakini hesabuni miaka. Ripoti zetu hupenda kuonyesha picha ya mradi mwaka wa 15, miti ikiwa imekomaa, na kuiruka picha ya mwaka wa kwanza. Watu wataishi mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kule New York, jaa la Freshkills lilifunguliwa mwaka 1948, likafungwa 2001, na sehemu ya kwanza ndani ya eneo la jaa kugeuzwa bustani ilifunguliwa kwa umma 2023. Mtoto aliyezaliwa jirani nalo lilipoanza alikuwa mtu wa miaka 75. Tusimwambie mtu wa Mwakirunge kwamba athari ni ya muda.

Sasa mambo ya kufanya, kwa sababu najua baadhi yenu mnatarajia mradi mpya maeneo yenu. Kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi aitishe vikao visivyopungua vitatu na watu watakaoathirika. Msikitumie cha kwanza kusikiliza tu. Ombeni ramani ya vituo vya kutazamia, iwekwe mezani, na mpewe kalamu. Wavuvi waweke alama zao baharini, kwenye mwamba wanapotia nanga. Kina mama waweke zao kisimani na njia ya shambani. Walimu waweke ya shule. Mpaka wa mwonekano unaochorwa na kompyuta huchukulia nchi kuwa tupu, bila miti wala nyumba. Hufaa kama mwanzo, lakini haujui watu wanapita wapi.

Halafu angalieni picha wanazowaonyesha. Kamera ya simu ina lenzi pana, nayo hufanya kilima cha mbali kionekane kichuguu. Ulizeni ilipigwa kwa lenzi gani, saa ngapi, maji yakiwa wapi. Bora zaidi, ombeni puto. Ni njia ya zamani na rahisi: puto kubwa hufungwa kamba na kupandishwa hadi kimo kamili cha jengo, siku isiyo na upepo mkali, na kila mtu anasimama kwenye kituo chake aangalie. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mradi wenyewe. Siku hiyo itangazwe msikitini, kanisani na kwenye redio kwa lugha ya watu, na mashua iwepo ya kuwachukua watathmini waende nje wakaangalie kutoka baharini. Wakirudi, waliyoyaona yaandikwe palepale mbele ya waliokuwepo.

Na leseni ikitolewa bila hayo, sheria ya mazingira inawapa siku 60 za kukata rufaa kwenye mahakama ileile iliyoamua kesi ya Lamu. Siku 60 hupita haraka, hasa kwa watu wenye kazi zao, kwa hiyo kila kikao kiwe na mtu mmoja mliyemteua kutunza barua, tarehe na picha. Mteueni kabla ya kuondoka hapa leo. Ofisi yetu itampa nakala ya kanuni bila malipo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Tuingie kwenye maswali.